Kwa Akina Anderson, Ocean Springs

Ukiufuata ufuo wa Ocean Springs kuelekea mashariki, katika jimbo la Mississippi, unafika mahali lami inapokoma na njia ya kokoto kuingia chini ya mialoni mikongwe. Matawi yamekutana juu, na katika kila tawi inaning'inia mimea ya kijivu mithili ya ndevu za mzee. Hakuna lango wala tiketi. Kibao kidogo kinakuambia umefika Shearwater, kiwanda cha ufinyanzi cha familia ya Anderson, na ukisogea mbele kidogo unaiona nyumba ya mbao ambayo ndani yake rafu zimejaa sahani, mabakuli, vikombe na ndege wa udongo.

Nimeingia katika nyumba nyingi za sanaa, Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, na karibu zote humtanguliza msanii: jina lake ukutani, picha yake mlangoni. Hapa kinachotangulia ni ukoo. Peter Anderson alikianzisha kiwanda hiki mwaka 1928, na tangu siku hiyo hakijatoka mikononi mwa watu wake. Watoto walikipokea kutoka kwa baba, wajukuu wakakulia kandokando ya tanuri. Mama tuliyemkuta dukani alitukaribisha tushike tunachotaka, maana bakuli, alisema, halichaguliwi kwa macho peke yake. Nilishukuru. Kuna majumba ya sanaa ambamo mgeni hutembea mikono nyuma, akiogopa hata kupumua.

Nilikwenda pamoja na binti wa mjomba wangu anayeishi New Orleans, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari. Yeye alikuwa akitafuta bakuli la saladi. Mimi nilikuwa nikimfuata Walter, mdogo wake Peter, mtu ambaye kwa maoni yangu hakuna mchoraji wa Marekani wa karne ya 20 aliyewatazama ndege, kaa na miti kwa upendo kama wake.

Mwanzo wa yote ni mama yao. Annette McConnell Anderson alisoma sanaa Newcomb, chuo cha wanawake cha New Orleans kilichosifika kwa vyombo vya udongo vilivyochorwa maua na miti ya kusini. Alitoka na imani iliyotawala pale: uzuri ukae katika vitu vinavyotumika kila siku, na mchoraji achore kinachoota mlangoni kwake. Mwaka 1918 alinunua eneo hili la msitu lililotazamana na maji. Mumewe, George, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, na labda aliwatarajia wana wake wamfuate huko. Hakumpata hata mmoja. Peter alikwenda Pennsylvania kujifunza ufinyanzi, akarudi kujenga tanuri. Walter na James, ambaye kila mtu alimwita Mac, wakawa wachoraji wa vyombo vya kaka yao.

Mji wenyewe ni mdogo, wenye wakazi wapatao 18,000, ila kwa kipimo cha Marekani una umri mkubwa. Wabiloxi walikuwa wenyeji wa pwani hii kabla ya Pierre Le Moyne d'Iberville kutia nanga mwaka 1699 na kujenga Fort Maurepas, ngome ya Wafaransa katika nchi waliyoipa jina la Louisiana. Karne moja na nusu baadaye wenye fedha wa New Orleans wakawa wanakuja kunywa na kuoga maji ya chemchemi zake, wakiamini yanaponya, na ndipo mji ukapata jina lake la sasa. Kila Novemba hufanyika maonyesho makubwa ya sanaa na kazi za mikono yanayoitwa kwa jina la Peter Anderson. Mfinyanzi kupewa heshima hiyo na mji wake ni jambo ambalo ningependa kuliona na kwetu.

Turudi rafuni. Nilichukua sahani yenye mwari, nikaenda nayo dirishani. Chombo kikishatoka kwenye gurudumu huachwa kikauke kiasi, mpaka ukucha uweze kukikwaruza bila kukibomoa. Kisha hupakwa uji wa udongo wa rangi nyingine, na mchoraji huukwangua kwa ncha kali ili udongo wa chini uonekane. Mstari ukishakwanguliwa umekwanguliwa, hakuna kufuta. Ndiyo maana mkono unaofanya kazi hii lazima uwe umeshaamua kabla haujashuka. Shingo ya mwari yule ilikuwa herufi S moja, nzito mwanzo na nyembamba mwisho. Bawa lilikuwa nusu duara juu ya nusu duara. Maji chini yake yalikuwa mistari ya mawimbi, na pembezoni mwa sahani zigizaga ilizunguka mpaka ikakutana na mkia wake.

Maumbo hayo hayakuja kwa kubahatisha. Walter aliyapata katika kitabu cha Adolfo Best Maugard, mchoraji wa Mexico, aliyefundisha kwamba sanaa za kale za nchi yake zimejengwa kwa alama saba tu: mzunguko wa konokono, duara, nusu duara, S, wimbi, zigizaga na mstari ulionyooka. Wengine walikitumia kitabu hicho kuwafundisha watoto shuleni. Walter alikifanya njia ya kuuelewa ulimwengu. Kwake msonobari, kasa, wingu na mgongo wa paka vilitoka katika ghala moja la mistari, na kazi ya mchoraji ilikuwa kuitambua mistari hiyo ndani ya kiumbe kilicho hai, si kukibandika mapambo kwa nje. Ukishaelezwa hivyo, rafu nzima ya Shearwater inaanza kusomeka. Binti wa mjomba, ambaye hakuwa na habari na Best Maugard, alikuwa ameshalishika bakuli la buluu lenye samaki akisema, "Kaka, hawa samaki wanazunguka kweli."

Ila sahani za namna hii hazikuweza kulisha ukoo peke yake. Miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka, ndugu waligeukia visanamu vidogo vya kumimina kwenye kalibu na kupaka rangi kwa mkono: maharamia, wachezaji wa besiboli, ndege, wanyama. Vilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kununuliwa. Walter kazi hiyo ilimchosha, maana kurudia umbo lile lile kulimtoa katika alichotaka kukifanya. Hata hivyo nilivitazama vile visanamu kwa heshima. Vililipa bili za nyumba ambamo michoro mikubwa ilikuwa ikizaliwa bila mnunuzi.

Walter alizaliwa New Orleans mwaka 1903. Alisoma katika chuo cha sanaa cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, akashinda tuzo kwa kuchora wanyama, akapata na fedha za kusafiri Ufaransa. Kilichomgusa zaidi huko ni mapango yenye michoro ya watu wa kale: mafahali na farasi waliochorwa na watu waliowajua wanyama hao kwa kuishi nao. Mwaka 1933 alimwoa Agnes Grinstead, aliyejulikana kama Sissy. Dada yake Sissy, Pat, naye aliolewa na Peter, hivyo ndugu wawili wakaoa ndugu wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Walter aliugua akili, akalazwa katika hospitali moja baada ya nyingine. Familia husimulia kwamba safari moja alitoroka kwa kushuka dirishani kwa shuka alizozifunga pamoja, na ukuta wa matofali aliouacha nyuma yake ukakutwa umejaa ndege waliochorwa kwa sabuni.

Kwa miaka kadhaa alitulia na mkewe huko Oldfields, shamba la wazazi wa Sissy lililoko Gautier, mji wa jirani. Huko alichonga michoro mirefu kwenye linoliamu na kuichapa juu ya karatasi za kubandika ukutani. Alitaka mtu wa kipato cha chini naye aweze kutundika sanaa nyumbani kwake. Jumba la makumbusho la Brooklyn, New York, liliionyesha michoro hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940. Wakati huo yeye alikwishahamia kijumba kidogo humu Shearwater, akiishi peke yake, na kila alipoweza akipakia mashua yake ndogo rangi, karatasi na chakula kidogo, kisha kuvuka kwenda kisiwa cha Horn, takriban kilomita 20 kwa makasia na tanga.

Tulikuwa tumesimama nje, njiani kuelekea majini, nilipokuwa nikimsimulia mwenzangu hayo.

"Kaka, ngoja kwanza," akasema. "Mtu ana mke, ana watoto wanne, halafu anapiga makasia kwenda kulala chini ya mashua kisiwani. Nani alikuwa akiwalisha hao watoto?"

Nikamwambia: Sissy. Alifundisha shule, akawalea watoto hapa hapa Shearwater, miongoni mwa shemeji na dada yake, huku baba yao akiwa kijumbani hatua chache kutoka kwao na mlango umefungwa.

"Basi huyo mama ndiye wa kuandikiwa makala."

Sikuwa na la kumpinga, na mpaka leo sina. Wanaomsifu Walter hupenda kumchora kama mtu aliyeacha yote kwa ajili ya ndege na upepo. Hakuacha yote. Aliwaachia wengine. Kiwanja kilikuwa cha mama, tanuri lilikuwa la kaka, na mshahara wa mwalimu ulikuwa wa mke. Walimpa nafasi ambayo hakuna mnunuzi wala serikali ingempa, na aliijaza kwa kazi ya ajabu. Lakini nafasi hiyo iligharimu, na walioilipia wana majina.

Kisiwani aliishi kwa vitu vichache sana. Alilala chini ya mashua aliyoipindua, akala alichokuja nacho na alichokiokota ufuoni, akatembea siku nzima na kofia yake kichwani akitafuta wa kuchora. Alichora kwa rangi za maji juu ya karatasi za kawaida za taipureta, na nyingine aliziwashia moto. Kwake thamani ilikuwa katika ile saa ya kutazama, mtu na ndege wanapokuwa kitu kimoja, na karatasi ilikuwa masalio tu. Septemba 1965, kimbunga Betsy kilipokuwa kinakuja, hakukimbia. Alibaki kisiwani kukipokea. Novemba mwaka huo huo alifariki New Orleans kwa saratani ya mapafu.

Baada ya mazishi Sissy alikwenda kukisafisha kijumba. Ndani kulikuwa na sanduku lililojaa rangi za maji, na kote kote karatasi nyingine, kwa maelfu. Kulikuwa pia na chumba kimoja kilichofungwa kwa kufuli, ambacho mumewe hakuwahi kumruhusu mtu aingie. Walipokifungua walikuta kuta zote na dari zimechorwa. Chumba hicho kilikatwa kijumbani na kuhamishwa kizima hadi Makumbusho ya Walter Anderson, yaliyofunguliwa mwaka 1991 katika mtaa wa Washington, na huko ndiko tulikokwenda mchana.

Ni chumba kidogo. Ukuta mmoja jua linachomoza na korongo wanaamka. Unageuka polepole, siku inakwenda nawe, miti na wanyama wanabadilika rangi kadiri mwanga unavyozidi, mpaka unafika kwenye giza la usiku. Juu ya bomba la moshi amesimama mwanamke aliyechorwa kwa mistari inayotiririka, sura ya Mto Mississippi. Darini limechanua ua moja kubwa la zinia. Watafiti wengi huihusisha picha hii na Zaburi ya 104, ambayo nayo huutembeza ulimwengu kutoka mwanga hadi giza, kila kiumbe kikitajwa na mahali pake. Mbao ni za kawaida kabisa, na misumari unaiona. Nilikaa hapo muda mrefu nikitazama jinsi alama zile saba zilivyotawanyika ukutani: konokono ndani ya ua, S mgongoni mwa korongo, zigizaga pale jua linapochomoza. Alichora haya yote bila kumwonyesha mtu, na hakuna hata kona moja aliyoifanya kwa uvivu.

Jengo la jumuiya la mji limeungana na makumbusho, na humo Walter alichora kuta mwaka 1951 kwa malipo ya dola moja. Upande mmoja d'Iberville anafika, upande mwingine ni majira na mimea na wanyama wa pwani. Watu wengi wa mji hawakuzipenda picha hizo wakati ule, na inasimuliwa kuwa wapo waliotaka zifutwe kwa kupakwa rangi juu yake. Leo mgeni hapiti Ocean Springs bila kuletwa kuziona. Miji huwa hivyo kwa watu wake, na wala si Ocean Springs tu.

Jambo jingine lilinijia nikiwa pale, na sikuweza kuliacha. Katika miaka ile ile Walter alipokuwa akisukuma mashua yake majini bila kumwomba mtu ruhusa, Wamarekani Weusi wa Biloxi, ng'ambo tu ya ghuba, walikuwa wakizuiwa kukanyaga ufuo wa mji wao. Mwaka 1959 daktari Gilbert Mason aliingia majini pamoja na wenzake wachache, wakafukuzwa na polisi. Aprili 1960 walirudi wengi zaidi, wakapigwa kwa minyororo na marungu na kundi la wazungu mchana kweupe. Haki ya kuogelea waliipata kwa mahakama, miaka baadaye. Sisemi haya ili kumshushia Walter hadhi. Nasema kwa sababu sanaa ya maumbile hutufanya tufikiri kwamba bahari ni ya wote, na kwenye pwani hii, katika uhai wa mchoraji huyu, haikuwa ya wote.

Tarehe 29 Agosti 2005 bahari ilikuja yenyewe. Kimbunga Katrina kililivunja daraja kati ya Ocean Springs na Biloxi, na pale Shearwater mawimbi yalibomoa au kuharibu majengo mengi, nyumba za wanafamilia zikiwemo. Kijumba cha Walter kiling'olewa kwenye misingi yake. Kibaya zaidi, kazi zake ambazo familia ilizihifadhi katika ghala la matofali ya saruji, wakiamini hapo ndipo penye usalama, zilifikiwa na maji ya chumvi. Karatasi ya taipureta ni duni tangu siku ya kwanza. Huwa ya manjano na kukatika hata ikiwa kavu. Sasa fikiria maelfu yake yameloa, yamegandana, na udongo wa bahari kati yake. Ikaanza kazi ya kuzitenganisha na kuzikausha, mojamoja, kazi iliyowashughulisha wanafamilia na wataalamu kwa muda mrefu. Makumbusho yenyewe, yaliyo juu zaidi mjini, yalinusurika, na chumba kidogo pamoja nayo.

Wangeweza kuuza kiwanja. Ardhi yenye mialoni mbele ya maji, katika pwani iliyojaa kasino na hoteli, haikosi mteja. Wakajenga upya, tanuri likawashwa tena, wakaendelea kufinyanga. Mimi naona huo ni uamuzi wa kisanii sawa na mchoro wowote ulioko ukutani, maana korongo na mwari wa Walter wakipelekwa New York watabaki wazuri, ila hapa unatoka nje ya duka na kuwaona wenyewe.

Na hao mwari nao nusura watoweke. Walter aliwatembelea katika visiwa vya Chandeleur, akawachora wakijenga viota na kulisha makinda. Kabla hata hajafa, dawa ya DDT iliyotoka mashambani na kuingia katika samaki ilikuwa imeyafanya maganda ya mayai yao kuwa membamba kiasi cha kuvunjika chini ya mama. Louisiana, jimbo lililomfanya mwari wa kahawia kuwa ndege wake rasmi, halikubaki na hata jozi moja inayozaa, ikabidi makinda waletwe kutoka Florida kuanzia mwaka 1968. Marekani ilipiga marufuku DDT mwaka 1972, na mwaka 2009 ndege huyu akaondolewa katika orodha ya walio hatarini. Kwa hiyo michoro ile ya visiwani ina kazi ya pili: ni ushahidi wa idadi na maisha ya ndege kabla ya sumu, ulioandikwa na mtu aliyekaa nao karibu kuliko wanasayansi wengi wa wakati wake.

Tulirudi Shearwater kabla duka halijafungwa. Nilinunua sahani ndogo yenye kaa, kwa bei ambayo kwa fedha yetu si haba, lakini kwa kazi ya mkono iliyofanyika naiona ni ya haki. Binti wa mjomba hakununua bakuli. Alikuwa ameshatumia fedha zake makumbusho, kwenye kitabu alichokiandika Sissy mwenyewe kuhusu maisha yake na Walter, kilichotoka mwaka 1989. Nikashika usukani mimi, yeye akakifungua, na tulipolipita daraja jipya la Biloxi alikuwa akinisimulia watoto walivyokuwa wakimngoja baba yao ufuoni, na nani alipika jioni hiyo.